Jicho la Hepi na Dawa ya Kupe

Mume wangu Machibya anapenda vitu viwili hapa duniani, ng'ombe zake na mjukuu wetu Happiness. Mimi mkewe nipo, lakini nakuja wa tatu, na nimeshazoea. Ukimuudhi kuhusu chakula hasemi kitu. Ukimwambia shati lake limechanika anacheka. Ila mguse ng'ombe, au umfinye Happiness, ndipo utajua kwamba yule mzee mpole ana sauti.

Alifika huku Usevya akiwa kijana, anatokea upande wa Shinyanga nyuma ya ng'ombe za baba yake, wanatafuta majani. Sisi Wapimbwe tulikuwa na mpunga wetu na mizinga yetu ya nyuki, hatuna habari na mtu. Siku moja ng'ombe zake zikaingia kwenye jaruba la mpunga la baba yangu. Alipokuja kuomba msamaha alinikuta mimi nimeshika jembe, nikamtukana mpaka pumzi ikaniishia. Anasema ndipo aliponipenda. Jamani, mtu gani anapenda akitukanwa? Basi huyo ndiye Machibya, na ng'ombe wa mahari walikuja kabla mpunga ule haujavunwa.

Kwa mifugo sitamnyima sifa yake. Anasimama zizini asubuhi, anasikia kikohozi kimoja tu, anakwambia ni ng'ombe gani, kaanza lini na kala nini. Watu wanampigia simu mpaka toka Kibaoni, ng'ombe amekwama kuzaa, naye anakwenda na baiskeli yake bila kunung'unika. Shida yake ni moja. Anaona binadamu naye ni ng'ombe, tofauti ni pembe tu. Nilipomzaa binti yetu Goreth alisimama mlangoni akamuuliza mkunga kama kondo limetoka lote, na kama nimeshaanza kula majani. Mkunga alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka, nilikuwa nimechoka, ningekuwa na nguvu ningemrushia beseni.

Sasa Goreth ameolewa, anakaa Misunkumilo, pale Mpanda mjini. Mwaka huu alijifungua mtoto wa pili kwa upasuaji, na mume wake kutwa yuko kazini, kwa hiyo akatuletea huyu wa kwanza, Happiness, tukae naye mpaka mama mtu apate nguvu. Tunamwita Hepi. Ana miaka mitatu na mdomo wa mtu mzima. Machibya akamshusha kwenye gari, akamweka begani, akatangaza mtaa mzima kwamba mke wake mdogo amefika na huyu mkubwa ajiandae kurudi kwao. Mimi nikamwambia Hepi, "Karibu mke mwenzangu, huyo mzee mchukue, anakoroma." Hepi akajibu, "Simtaki, ana ndevu." Tulicheka sana siku ile. Nyumba ilikuwa imekaa kimya muda mrefu, tulikuwa tumesahau kwamba kimya kile kilikuwa kinatuumiza.

Ilikuwa wakati mpunga unaanza kujaza punje, na ndege nao wanaanza kazi yao. Sisi huku wakati huo hatukai nyumbani. Tunashinda shambani, kwenye dungu, kile kibanda cha juu cha miti, tunapiga madebe na kurusha udongo mpaka jua lizame. Hepi alipenda dungu kuliko kitanda. Alikuwa anagonga sufuria na kuwafokea ndege kwa sauti ya babu yake, "Hoya! Hoya! Tokeni kwa mume wangu!" Tatizo la majaruba ni maji, na maji yana wenyewe. Jua likianza kulala tu, mbu wanakuja. Sisi ngozi zetu zimeshakuwa kama za viatu, tunajipiga kofi mbili tatu, tunaendelea na mazungumzo.

Siku za mwanzo nikaona mkono wa Hepi umevimba. Si kipele kile cha kawaida cha mbu, ni uvimbe mzima, mwekundu, wa moto, kama andazi. Akawa anajikuna. Kesho yake mguu. Kesho yake tena, tulipoamka, jicho la kulia lilikuwa limefungana kabisa, kope hazionekani, shavu limejaa mpaka pua imeegemea upande mmoja. Nilipiga kelele. Majirani wakaja kila mmoja na lake. Huyu nyuki, yule buibui, mwingine akaninong'oneza kwamba mtoto mzuri hivyo usimpitishe pitishe mbele za watu. Nikamwambia akanong'one kwake.

Tukiwa hapo simu ikaita. Goreth. Kila asubuhi alikuwa anapiga azungumze na mwanawe. Nilitaka nimwambie mtoto kalala, lakini Hepi ameshainyaka simu.

"Mama," akasema, "jicho langu limejifunga."

Mungu wangu. Nikaanza kueleza, ni mbu tu, ni uvimbe mdogo, na kila nikieleza naharibu zaidi. Goreth hakupiga kelele, na hilo ndilo lililoniogopesha, maana Goreth ana mdomo kama wangu. Akasema, "Mama, Jumamosi nakuja kumchukua. Mshono ukiuma utauma humo humo njiani. Na simleti tena huko kwenye mabwawa. Nyie mtakuwa mnakuja kumwona huku." Simu ilikuwa kwenye sauti kubwa. Machibya alikuwa amekaa kwenye kigoda anakula michembe yake, viazi vile vya kukausha, na karanga, akaacha kutafuna. Alimwangalia Hepi, Hepi akamwangalia kwa jicho moja na kumwomba karanga. Akampa zote, akatoka nje.

Namjua mume wangu. Nikajua ana jambo kichwani. Kwanza alimpaka samli. Nikamwacha, samli tunapaka sote. Kisha akawasha kinyesi kikavu cha ng'ombe mlangoni, tufukize mbu kama anavyofukizia zizini. Mbu walipungua, si uongo, lakini Hepi alikohoa mpaka akatapika uji, nikaumwagia maji ule moto na maneno mengine nikammwagia mwenye moto. "Baba Goreth," nikamwambia, "huyu si ndama!" Akaniambia, "Na huyo Goreth wako Jumamosi akikuta jicho bado, utamjibu nini? Unataka nikamwone mjukuu wangu mjini kama mgeni, nimekaa kwenye kochi, naambiwa karibu soda?" Akageuka upesi nisimwone uso. Hapo hasira yangu ikapungua, kwa sababu na mimi hicho hicho ndicho kilichokuwa kinaniuma.

Kesho yake nilikwenda kisimani. Niliporudi nikasikia Hepi anacheka nyuma ya nyumba. Halafu nikasikia harufu. Harufu ile kila mtu wa mifugo anaijua, hata akiwa usingizini. Ni dawa ya josho, ile ya kuua kupe. Nikatua ndoo pale pale njiani.

Hepi alikuwa amesimama juu ya jiwe, uchi kama alivyozaliwa, anajishika tumbo na kucheka kwa sababu babu yake alikuwa anamwimbia ule wimbo anaowaimbia ng'ombe akiwaogesha. Karai mbele yake, maji meupe kama maziwa. Machibya ameinama, ameshika kitambaa, anakikamua tayari kwa kuanzia shingoni.

"Wee!" Nilipiga ukelele mpaka kuku wakaruka. "Weka chini! Weka chini nakwambia!"

"Kidogo tu, Mama Goreth. Nimechanganya robo ya kile ninachompa ndama. Wewe angalia ng'ombe zangu. Nani kaona mbu ametua? Hata inzi hatui. Mbu wakimkimbia, uvimbe unaisha, na Jumamosi—"

"Ndama wa umri gani?"

"Nini?"

"Nimekuuliza, hiyo dawa unampa ndama wa umri gani? Aliyezaliwa juzi unamwogesha?"

Akaacha kukamua. Kwa sababu haogeshi. Miaka yote niliyokaa naye hajawahi kuogesha ndama mchanga, na kijana wa kazi akimgusa na bomba anafukuzwa. Kupe wa ndama mchanga anawatoa kwa vidole, mmoja mmoja, amepiga magoti kwenye matope. Anasema ngozi yake bado laini, inakunywa.

"Ndama unamwonea huruma," nikamwambia, "na huyu je? Huyu ngozi yake ni ya nini? Wewe mwenyewe ukipulizia hiyo dawa unasimama upande upepo unakotoka, ukimaliza unanawa mpaka viwiko kabla hujashika ugali. Halafu unataka kumpaka mtoto, na hapo alipojikuna pametoka damu!"

Alikiangalia kile kitambaa. Akaiangalia mikono yake. Nilimnyakua Hepi kwenye jiwe nikamshika kifuani, nikamnusa shingo, nikamnusa mikono, hakuwa ameguswa hata tone. Nikakaa chini na mtoto wangu. Machibya alichimba shimo mbali, akamwaga ile dawa humo, akafukia, akanawa kwa sabuni tena na tena. Kisha akaja akasema kwa sauti ndogo, "Twende zahanati."

Tungekwenda tangu mwanzo! Lakini ndivyo tulivyo. Ng'ombe akikosa kucheua asubuhi, saa nne mtaalamu wa mifugo ameshapigiwa simu. Mtoto akiumwa na mbu, nani anakwenda zahanati kwa ajili ya mbu?

Tabibu pale ni kijana anaitwa Didace, mpole, ana kicheko cha karibu. Alimkalisha Hepi mezani, akamtoboa kidole kwanza apime malaria, hakuwa nayo. Akalifungua lile jicho taratibu, akaona mboni ni nzima. Akamsikiliza kifua, akamwangalia midomo na ulimi. Akatuuliza kama anapumua kwa shida au anatoa mlio kifuani, tukasema hapana.

"Huu ni mzio," akasema. "Aleji. Mbu akiuma anaacha mate yake kwenye ngozi. Mwili wa mtoto huyu unapigana na yale mate kwa nguvu kupita kiasi, ndiyo maana anavimba hivi. Watoto wadogo inawapata, hasa wakikutana na mbu wa mahali wasipopazoea. Wengi wakikua inapungua."

Alitupa dawa ya maji ya aleji, akaonyesha kwenye bomba dogo lisilo na sindano ni kiasi gani kwa uzito wake, tusizidishe hata kama jicho linachelewa. Akatupa losheni ya pinki ya kupaka penye muwasho, ila si karibu na jicho. Kwenye jicho ni kitambaa safi kilicholowekwa maji ya baridi, tunaweka, tunapumzisha, tunaweka tena. Kucha zikatwe fupi, maana kinachogeuza kipele kuwa kidonda ni kucha. Tukiona usaha, au wekundu unazidi kutambaa, au homa, turudi. Na midomo ikivimba, au akianza kuhema, au kutapika na kulegea, hapo tusingoje asubuhi wala usafiri mzuri, tukimbie hospitali. Nilimwomba arudie hilo la mwisho. Akarudia bila kuchoka.

"Chandarua mnacho?" akauliza.

Mimi nikaangalia ukutani. Chandarua tulipewa, kizuri, chenye dawa. Machibya alikuwa amefunikia vifaranga, mwewe asiwachukue.

"Kipo," Machibya akasema. "Kina wageni. Leo wanahama."

Didace akacheka. Tulipokuwa tunaaga, Machibya akasimama mlangoni, kofia mkononi, akaanza kuizungusha. "Daktari," akasema, "nikuulize. Kuna mzee mmoja kule kwetu. Yeye anasema dawa ya kuogeshea ng'ombe, ukiipunguza sana, inaweza ikamfaa mtoto mwenye shida kama hii."

Kile kicheko cha Didace kikaondoka. "Mzee wangu, kamwambie leo hii hii. Ile ni sumu, inaingia kwa ngozi. Mtoto anatokwa mate, anabanwa pumzi, anatetemeka, na anaweza kufa. Mzee huyo mnaishi naye jirani?"

"Karibu sana," Machibya akasema.

Tukashika njia ya kurudi. Hepi alikuwa amekaa mbele kwenye baiskeli anaimba, babu yake anasukuma, mimi nyuma na mfuko wa dawa. Nilitaka nimwambie yamepita, lakini nilikuwa bado nina hasira naye kidogo, nikaacha.

Toka siku hiyo nilishuhudia mambo. Yule mzee ambaye hajawahi kukata kucha zake mwenyewe mpaka zikwame kwenye shati, alimkalisha Hepi magotini, akamkata kucha kidole kwa kidole, huku anampigisha hadithi. Chandarua kilifuliwa, kikakaushwa kivulini, kikafungwa juu ya kitanda na kuchomekwa chini ya godoro pande zote. Jua likianza kushuka tu, alikuwa anamshusha mtoto kwenye dungu na kumleta nyumbani, amemvisha suruali ndefu na soksi zake yeye mwenyewe zinazofika mapajani. Ndege wakala mpunga jioni zile. Nilipomwambia wanakula, akanijibu, "Wale." Machibya! Mtu ambaye mwaka jana aligombana na kweleakwelea kama ana kesi nao!

Jicho lilianza kufunguka kama mlango uliovimba kwa mvua, kidogo, kidogo tena. Siku ya Ijumaa Hepi alitukonyeza wote wawili kwa zamu, na jirani, na mbuzi.

Jumamosi Goreth akafika, na kichanga mgongoni, anatembea ameinama kidogo kwa ajili ya mshono. Alikuja na uso wa vita. Lakini Hepi alimkimbilia na macho yake mawili makubwa, na Goreth akamgeuza geuza, akampekua mikono, akampekua miguu, akakuta alama tu. Nikamwonyesha dawa, nikamwonyesha chandarua, nikamweleza yote ya Didace. Uso wake ukalainika. Alipomaliza kula akajinyoosha, akasema, "Kwa kweli nilikuja nimekasirika. Lakini naona mmemtunza vizuri kuliko ambavyo ningemtunza mimi na hiki kidonda. Kama ni hivi, abaki mpaka mvune."

Moyo wangu ulipaa. Nikamwangalia Machibya nimpongeze kwa macho. Nikaona ameweka kijiko chini.

"Goreth, kuna jambo," akasema.

Nilimkanyaga mguu chini ya meza. Nikamkanyaga tena. Nilijua anachotaka kusema, na nilijua hakuna aliyemuuliza. Mtoto amepona, mama ameridhika, kulikuwa na haja gani, jamani? Akauvuta mguu wake.

"Kabla ya zahanati nilimchanganyia dawa ya kupe. Nilikuwa nimeshakamua kitambaa. Mama yako ndiye aliyenizuia. Angechelewa kisimani kidogo, ningekuwa nimempaka mwili mzima."

Goreth alimwangalia baba yake kama hamjui. Alimvuta Hepi, akamkumbatia kwa nguvu mpaka mtoto akalalamika. "Baba! Ungeniulia mwanangu!"

"Ndiyo."

"Ndiyo? Unaniambia ndiyo?" Machozi yakaanza kumtoka. "Si ningeondoka tu bila kujua! Kwa nini unaniambia?"

Machibya aliishusha mikono yake chini ya meza. Mzee wa Kisukuma, kukaa mbele ya binti yake aliyemzaa na kujishtaki, si jambo dogo.

"Kwa sababu unamwacha kwangu," akasema. "Huwezi kumwachia mtu mtoto wako bila kujua unamwachia mtu gani. Sasa umejua. Ukimchukua, nitambeba mwenyewe mpaka kwenye gari, na sitakulaumu."

Kichanga kikalia, Goreth akakinyonyesha, machozi yake bado yanadondoka juu ya kanga. Mimi nilikuwa namlaani mume wangu kimoyomoyo kwa majina yote ninayoyajua, na wakati huo huo nilikuwa najisikia fahari naye. Goreth akamaliza kunyonyesha. Akajifuta uso kwa kiganja.

"Huko mjini nimewaachia watu wengi mtoto huyu," akasema. "Alianguka, alijiunguza, alilazwa na njaa, na hakuna aliyeniambia. Nilikuwa nayaona mwenyewe nikimwogesha." Akamwinua Hepi, akamweka mapajani kwa babu yake. "Namwacha kwa mtu huyo huyo uliyenitajia, baba."

Machibya akamshusha mtoto polepole, akasimama, akasema anakwenda mara moja kuangalia ng'ombe. Ilikuwa saa nane mchana na ng'ombe walikuwa malishoni tangu asubuhi. Nilimwona dirishani, amesimama peke yake katikati ya zizi tupu, mabega yanamtikisika. Nilitaka nimfuate, lakini Hepi alikuwa ameshatoka mbio, peku, anamuuliza kwa sauti ng'ombe wako wapi.